Bomba la Kwa Muzee Faradji

Mwaka wa hamsini na tano, pale Kasongo, mtu mweusi aliyeruhusiwa kugusa bomba la maji la Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, alikuwa mmoja tu, Atumani wa Nyangwe. Wanawake wa mtaa wa msikiti walimwita Bwana Maji. Mkewe Subira alimwita Baba Zuberi, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kutembea ameinamisha kichwa kama aliyeangusha sindano njiani, maana miguu yake ilikwisha zoea kuhisi bomba limepita wapi chini ya udongo na wapi linavuja.

Ufundi huo aliupata Kindu, katika gereji ya gari-moshi, ambako alikaa miaka sita akikata vyuma na kuchonga nyuzi za kufungia kwenye ncha za mabomba. Leta ilipoleta mashine ya kuvuta maji Kasongo na kujenga tangi juu ya kilima, akaitwa arudi. Bwana wake alikuwa Mbelgiji mmoja mnene, mwenye uso mwekundu, asiyeachana na futi yake ya mbao ya kukunja. Watu walimbatiza Bwana Kipimo, na jina la kwao likasahaulika.

Bwana Kipimo hakuwa mtu wa matusi, lakini kwa sheria za maji hakuwa na mchezo. Aliyetaka maji nyumbani kwake alianza na barua, na pamoja na barua mchoro wa kiwanja chote: nyumba iko wapi, jiko wapi, choo wapi, shimo la taka wapi. Bomba litoke barabarani moja kwa moja. Mtaro uchimbwe hadi sentimita themanini, yaani mtu akisimama ndani udongo umfike mapajani, mvua isije ikalifukua na lori lisije likalivunja. Kontere, ile saa ya kuhesabu maji, ikae ndani ya kisanduku cha matofali, hatua mbili tu kutoka mpakani, ili msomaji asiingie uani kwa watu. Mbele yake robine, yaani koki ya kufungulia na kufungia maji, yenye ufunguo unaokaa ofisini. Juu ya kontere muhuri wa madini ya risasi, na anayeukata huenda gerezani. Na mtaro usifukiwe hata kidogo mpaka Bwana Kipimo aje mwenyewe, ashuke ndani na futi yake, aone maji yamefunguliwa kwa nguvu zote na hakuna kiungo kinachotoa hata jasho.

Juu ya sheria zote hizo kulikuwa na moja ambayo Bwana Kipimo aliisema huku akigonga meza: bomba lisipite karibu na choo, kipya wala cha zamani. Mita tano, si pungufu. "Choo iliyokufa," alimwambia Atumani siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "haikufa. Inalala."

Atumani aliyashika maneno hayo. Miaka miwili alifunga maji katika nyumba kumi na moja, za wazungu na za wafanyabiashara, na hakuna aliyekuja kulalamika. Kisha baba mkwe wake akaomba maji.

Muzee Faradji alikuwa muuza vitambaa na chumvi, mtu wa safu ya mbele msikitini. Alipompa Atumani binti yake Subira, ndugu zake walinung'unika kwamba anamtupa mtoto kwa mpiga kasia wa Nyangwe, naye akawajibu kwamba mwanamume ni mikono yake. Neno lile Atumani alilisikia, na tangu siku ile alikuwa hawezi kukaa kitini mbele ya mzee yule kabla hajaambiwa.

Kiwanja cha Muzee Faradji kilikuwa juu, kwenye mwinuko karibu na msikiti. Atumani alikizunguka asubuhi nzima na kamba yake. Akaona njia mbili tu za kulipitisha bomba kutoka barabarani. Ya kwanza ilipita upande wa mashariki, chini ya mti wa limau, mahali palipozikwa wazazi wa Muzee Faradji tangu zamani. Ya pili ilipita upande wa jiko, katikati ya choo cha zamani kilichofukiwa miaka minane iliyopita. Juu yake pamepandwa lenga-lenga, mboga imestawi, na mgeni asingejua kitu.

Alimwita mzee pembeni, akapiga goti moja.

"Baba, huku kwa jiko haiwezekani. Iko choo ya zamani. Sheria inakataa."

"Na kule?"

 Wote wawili wakatazama chini ya mti wa limau, mawe mawili meupe yaliyosimama pale.

"Mwanangu," akasema Muzee Faradji polepole, "utapitisha jembe juu ya miguu ya mama yangu?"

"Hapana, baba. Basi tuache. Wanawake waendelee kuteka kwa robine ya barabarani."

"Mama yake Subira iko na magoti mabaya. Umemuona namna anashuka na ndoo. Choo ile imekauka, miye nilikuwa pale ilipofukiwa. Wewe ni fundi. Ile chuma haina tundu. Maji inapita ndani ya chuma, uchafu uko inje. Nani atakutana na nani?"

Hakumwamuru. Ndiyo iliyokuwa shida. Angemwamuru, Atumani angekataa kwa jina la kazi. Mzee alisema kwa sauti ya mtu anayeomba, na huyu alikuwa mtu asiyeomba. Jioni ile ile Atumani alichora mchoro wa kiwanja kwa penseli. Alichora nyumba, jiko, choo kipya, mti wa limau na makaburi. Penye lenga-lenga akaandika: bustani.

Mtaro ulipofika pale, udongo ukawa mweusi na laini, ukawa unabomoka kila wachimbaji wakiutoa. Sentimita themanini hazikupatikana. Walipofika sitini kuta zikaporomoka, na Atumani akasema inatosha. Tena mabomba yalikuwa ya mita sita sita, na bahati ikawa mbaya: ncha mbili zikakutana palepale, katikati ya shimo. Alikifunga kiungo hicho kwa mikono yake. Alizungusha kitani, akapaka rangi nyekundu, akakaza kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuwahi kukaza kiungo vizuri kama kile. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba alikikaza vile kwa sababu moyo wake ulijua.

Bwana Kipimo alikuja, akashuka mtaroni, akapima. Alichukua udongo mweusi kiganjani.

"Hii nini?"

"Majivu ya jiko, Bwana. Wanawake wanamwaga hapa tangu zamani."

Mzungu alimtazama. Miaka miwili hajamkuta katika uongo. Akajipangusa mkono kwenye suruali, akasema kipimo hiki kimepungua, asirudie tena, kisha akatia muhuri wa risasi kwenye kontere. Mtaro ukafukiwa.

Maji yalipotoka robineni mara ya kwanza, mama yake Subira alilia. Muzee Faradji hakuwa mchoyo. Akafungua mlango wa ua, akasema jirani yeyote aje ateke. Aliyekuja zaidi ya wote alikuwa Mwamvita, mjane aliyekaa ukuta kwa ukuta nao, akiuza maandazi, pamoja na binti yake wa pekee, Aziza, mtoto wa miaka saba. Aziza alizoea kuweka mdomo chini ya robine na kunywa hadi nguo inalowa.

Mji uliongezeka, tangi halikuongezeka. Mwaka uliofuata Leta ikaamua mashine ipumzike tangu saa sita ya mchana hadi saa tisa, kuokoa mazuti, mafuta ya kuiendeshea. Saa hizo tangi lilikauka, na maji yaliyobaki katika mabomba yakawa yanateremka mitaa ya chini. Watu wa mwinuko wakafungua robine wakasikia pumzi tu. Hawakujali, walijaza ndoo asubuhi.

Mvua za Novemba zilipoanza, ugonjwa ukaingia. Watu walihara damu. Kwanza mzee mmoja nyuma ya msikiti, kisha mama mmoja na kitoto chake kichanga, kisha watu tisa katika juma moja. Mzee akafa, kichanga kikafa. Afisa wa afya wa Leta alipita nyumba kwa nyumba na daftari, na hakukawia kupata jibu: chemchemi ya bondeni, ile wanayotekea wakulima Wakristo wasio na robine, ndiyo chafu. Akaizungushia seng'enge, akamwaga chokaa ndani, akaweka polisi. Anayeteka pale atafungwa.

Aziza aliugua siku tano. Atumani alikuwa mmoja wa wanaume wanne waliobeba jeneza lake, na lilikuwa jepesi mno kwa wanaume wanne. Waliporudi kutoka makaburini, Mwamvita alimshika mkono mlangoni. Macho yake yalikwisha kauka.

"Asante, Bwana Maji," akasema. "Kiu ilimukamata mutoto wangu mpaka mwisho. Kama si weye kutuletea maji safi hapa karibu, ningemupa nini? Nilimunywesha usiku na mchana."

Atumani alisema Mungu akupe subira, mama. Alikuwa bado hajui. Lakini neno lile halikumtoka, na usiku akajikuta anahesabu: mzee wa nyuma ya msikiti, alikuwa anateka wapi? Kwa Muzee Faradji. Yule mama mwenye kichanga? Kwa Muzee Faradji. Na wale wakulima wa bondeni, wenye chemchemi chafu, mbona hakuna aliyelala hospitalini?

Siku ya tatu baada ya mazishi ilikuwa zamu ya kusoma kontere za mwinuko. Alifika kwa baba mkwe wake saa sita imepita kidogo, jua la utosi, mashine imekwisha zimwa. Akapiga magoti, akafunua kifuniko cha kisanduku, akafuta kioo kwa kidole. Nyumbani hakuna aliyefungua robine; waliokuwamo walikuwa wanaswali adhuhuri. Ilipasa ule mshale mdogo usimame kimya.

Haukusimama. Ulikuwa unazunguka polepole, unarudi nyuma.

Alibaki pale, magoti kwenye matofali, akiutazama unavyokwenda kinyume, alama moja, alama mbili, alama tatu. Maji yalikuwa yanarudi barabarani, yanavutwa na mitaa ya chini. Na bomba linalovutwa hivyo haliridhiki na maji yake. Linanyonya chochote kilicho karibu na mahali palipolegea. Mwaka mzima udongo ule laini ulikuwa unatitia, bomba linainama nao. Kiungo kile alichokikaza mpaka shingo ikauma, sasa kilikuwa mdomo. Kila mchana kilinyonya kutoka katika shimo, na kila saa tisa mashine ilipowashwa, kilichonyonywa kikasukumwa uani, ndooni, kinywani mwa Aziza.

 Atumani akafunga kifuniko, akaingia ndani, akamngoja mzee amalize swala.

Alimweleza yote, bila kupumzika. Muzee Faradji aliendelea kukaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi, na rangi ya uso wake ikabadilika kama jivu.

"Nani anajua?"

"Miye na weye, baba."

"Basi leo tufunge. Tutasema robine imevunjika. Tutalichimbua polepole, tutalipitisha kwingine. Watu wamekufa, hawatarudi. Ukisema, utafungwa. Na mimi hapa, katika mtaa huu, nitamtazama nani usoni?"

"Na ile chemchemi ya bondeni?"

"Chemchemi itafunguliwa. Wazungu wanachoka upesi."

Atumani aliomba apewe hadi kesho. Robine aliifunga mchana ule ule kwa ufunguo wa ofisi, na Mwamvita na wengine wakarudi na ndoo tupu. Nyumbani alimwambia Subira. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ni baba yangu," akasema.

"Najua."

"Na Aziza alikuwa anacheza hapa na Zuberi." Akaanza tena kuchambua, lakini alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe. "Usiniulize, Baba Zuberi. Ukiniuliza nitakuambia unyamaze. Kwa hiyo usiniulize."

Asubuhi alipokuwa anakwenda kazini, alikutana na polisi wawili wakimpeleka mwanamke gerezani. Alikuwa Victorine, mkulima wa mihogo wa bondeni, mwenye mimba kubwa, mtungi wake umebebwa na polisi kama ushahidi. Alikuwa ameteka chini ya seng'enge. Alikuwa anasema kwa hasira, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kizimba, lugha ya kwao, kwamba babu zake walikunywa maji ile na hawakufa, kwamba robine ya barabarani ni mbali na mgongo unamuuma, kwamba wenye kufa ni watu wa juu, sasa kosa la watu wa chini ni gani?  Atumani aliwafuata nyuma hadi kwenye uwanja wa Leta. Wao wakageukia gerezani, yeye akageukia ofisi ya maji.

Bwana Kipimo alikuwa anakunywa kahawa.

"Bwana, yale haikuwa majivu," Atumani akasema.

Ilimbidi arudie mara mbili. Mara ya kwanza mzungu hakufahamu. Mara ya pili alifahamu, akaweka kikombe chini taratibu kama kitu kinachoweza kulipuka. Hakumpiga. Atumani alikuwa amejiandaa kupigwa, na mkono usipokuja akabaki hajui asimame vipi.

"Nilikuamini," Bwana Kipimo akasema. "Mimi sikuchimba zaidi kwa sababu ni wewe."

Mtaro ulifukuliwa siku ile ile mbele ya afisa wa afya, polisi na mtaa mzima. Atumani alichimba mwenyewe. Lenga-lenga ilikwenda na mizizi yake, kisha udongo mweusi, kisha harufu ikatoka na watu wakajifunika pua. Bomba lilikuwa limeinama katikati kama mgongo wa punda mzee. Kitani kilikuwa kimeoza. Bwana Kipimo aliamuru maji yafunguliwe kidogo, na kiungo kikatema matone. Kisha akaamuru yafungwe. Matone yakasita, na maji machafu yaliyotuama chini ya bomba yakaanza kupanda, yakaingia ndani. 

Muzee Faradji alisimama mlangoni mwa jiko muda wote, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kumpa mkono wa kwaheri.

Chemchemi ya bondeni ilifunguliwa, na Victorine akatoka gerezani. Kontere ya Muzee Faradji iling'olewa. Mabomba ya mtaa yalisafishwa kwa dawa, na kabla ya mwezi kwisha hakuna tena aliyehara damu. Atumani alihukumiwa miezi minne. Alikata majani ya uwanja wa Leta akiwa amevaa nguo ya mistari, na watu aliowafungia maji walipita barabarani wakigeuza macho, wengine kwa chuki, wengine kwa haya. Subira alimletea chakula kila siku, lakini alikaa kwa baba yake, na hakusema neno zaidi ya salamu na habari ya watoto.

Siku aliyotoka gerezani hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mwamvita. Alimkuta anakanda unga, akapiga magoti pale uani, hata kabla ya hodi kuitikiwa.

"Mama, nimekuja."

Mwamvita hakuacha kukanda. "Nitakuuliza neno moja. Siku ile ulimudanganya muzungu, ulijua mutu anaweza kufa?"

Angeweza kusema hapana. Lingekuwa karibu na kweli. "Nilijua iko sheria," akajibu, "na nilijua sheria ile imewekwa kwa sababu. Nilisema moyoni hatari haitafika kwetu."

 Unga ulikuwa umekwisha lainika, lakini Mwamvita aliendelea kuupiga.

"Uliposema kwa Leta, watu waliniambia: Bwana Maji ni mutu wa kweli, musamehe. Miye nawaambia kweli yake ilichelewa. Siku tano nilikuwa namunywesha. Kwa mukono huu." Aliuinua, mweupe kwa unga. "Sikulaani, Atumani. Lakini usipite tena mbele ya mlango wangu. Ukipita naona kikombe."

Hakupita tena. Juma lile lile alipanda lori la mihogo kwenda Kabambare, ambako hapakuwa na bomba hata moja na hakuna aliyemjua. Alilima, akachimba visima vya watu kwa ujira wa kuku na unga. Miezi sita Subira hakutuma neno. Mwezi wa saba lori likashusha mwanamke na watoto watatu, vumbi limewafunika mpaka kope.

"Baba anajua umekuja?" Atumani akamuuliza.

"Aliniona nafunga mizigo. Hakusema nenda, hakusema kaa." Alimkabidhi mtoto mdogo. "Tumechoka. Iko wapi pa kulala?"

Waliishi Kabambare tangu hapo. Mwaka wa hamsini na tisa habari zikaja kwamba Muzee Faradji amefariki, na Atumani akaenda kuzika. Alisimama nyuma kabisa, barabarani. Jeneza lilipotoka mlangoni, mmoja wa wanaume waliolibeba upande wa kushoto, shemeji yake, alimwona. Walitazamana. Shemeji akasogea kidogo, hakumwita, akaacha nafasi ya bega moja. Atumani akaingia chini ya jeneza, akabeba hadi makaburini. Udongo ulipomalizika kutiwa, alimpa kila mtu mkono. Wengine waliupokea, wengine hawakuupokea. Kisha akazunguka kwa njia ya nyuma, ile ndefu isiyopita mbele ya mlango wa Mwamvita, akaenda kungoja lori la Kabambare.